Beatrix Potter: Msichana aliyeficha mawazo yake kwa alfabeti yake mwenyewe

MWAKA 1952, jamaa mmoja wa marehemu Beatrix Potter alikuta furushi la karatasi na madaftari katika nyumba ambayo mwandishi huyo aliishi uzeeni, kijijini Near Sawrey, kaskazini mwa Uingereza. Karatasi hizo zilikuwa zimejaa maandishi pande zote. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kusoma hata sentensi moja. Herufi nyingine zilishabihiana na za Kigiriki au za Kijerumani, nyingine hazikushabihiana na chochote. Palikuwa pia na tarakimu zilizochomekwa katikati ya maneno bila sababu iliyodhihirika. Mwandiko wenyewe ulikuwa mdogo kupindukia, ukienda kwa kasi ya mtu aliyezoea kuandika hivyo kila siku.

Wakati huo mwenye karatasi alikuwa amekufa kwa miaka tisa. Ulimwengu ulimfahamu vyema kama mtunzi na mchoraji wa hadithi ya sungura mtundu aitwaye Peter na vitabu vingine vidogo vya watoto. Jirani zake wa kijijini walimfahamu kama Bi Heelis, mfugaji wa kondoo aliyevaa sketi nzito za sufi na viatu vya mbao. Kwamba tangu ujana wake hadi alipotimu miaka 30 alikuwa ameweka shajara ya siri, ni jambo ambalo halikuwa likijulikana.

Helen Beatrix Potter alizaliwa Julai 28, 1866, katika nyumba nambari 2 ya mtaa wa Bolton Gardens, Kensington Kusini, London. Wazazi wake, Rupert na Helen, walirithi utajiri uliotokana na biashara ya pamba katika jimbo la Lancashire. Baba alikuwa wakili kwa taaluma, lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa kupiga picha, sanaa iliyokuwa changa wakati huo. Mama aliendesha nyumba iliyojaa watumishi na kutumia nyakati za alasiri kuwatembelea watu wa tabaka lake kwa gari la farasi.

Mtoto huyu hakupelekwa shuleni. Kama ilivyokuwa desturi ya matajiri wa enzi ya Malkia Victoria, alilelewa na yaya na kusomeshwa na walimu wa kike walioajiriwa nyumbani, huku chumba chake cha ghorofani kikiwa ndicho darasa. Alikaa miaka mitano na kitu bila ndugu, hadi mdogo wake, Bertram, alipozaliwa mwaka 1872. Mdogo huyo naye alipofikia umri wa kusoma alipelekwa shule ya bweni, na dada mtu akabaki peke yake.

Si kwamba hakuwa na wenzake kabisa. Chumba hicho cha masomo kilifugwa sungura, panya, popo, mijusi, konokono na kalunguyeye. Ndugu hao wawili waliwachora walipokuwa hai. Walipokufa, waliwachemsha ili kupata mifupa yao na kuichora pia. Kila kiangazi familia nzima ilihamia mashambani Scotland, katika eneo la Perthshire, na baadaye katika wilaya ya maziwa iliyo kaskazini magharibi mwa Uingereza. Huko ndiko Beatrix alikopata nafasi ya kutembea, kuokota uyoga na kuangalia wanyama wa porini.

Watu wa kuzungumza nao ndio waliokuwa haba. Katika nyumba ya aina ile, msichana alitarajiwa kusikiliza wakubwa wakiongea na kunyamaza. Na wakubwa waliofika Bolton Gardens hawakuwa watu wa kawaida. Mchoraji mashuhuri John Everett Millais alikuwa rafiki ya baba yake. Rupert alimpigia picha za watu aliokuwa akiwachora, akiwemo William Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu. Beatrix aliyasikia mengi na kuyaona mengi. Pa kuyasemea ndipo hapakuwa.

Hapo ndipo alipobuni alfabeti yake. Shajara iliyosalia inaanzia Novemba 1881, alipokuwa na umri wa miaka 15. Kanuni ya msimbo wake ilikuwa rahisi: kila herufi ya Kiingereza ilipewa alama yake moja, na alama hiyo haikubadilika. Tarakimu zilikuwa njia za mkato. Tarakimu 2 na 4, kwa mfano, zilisimamia maneno ya Kiingereza yenye matamshi sawa na ya tarakimu hizo, na pia vipande vya maneno marefu. Tarakimu 3 alilipa neno ambalo Waingereza hulitumia karibu katika kila sentensi. Kijana wa Nairobi anayeandika ujumbe mfupi wa simu leo ataitambua mbinu hiyo mara moja.

Hakuandika kwa kusitasita. Kurasa zinaonyesha kuwa msimbo ulimkaa mkononi kama mwandiko wa kawaida, na karatasi moja isiyozidi ukubwa wa daftari la shule iliweza kubeba zaidi ya maneno elfu moja.

Aliandika nini basi, kilichostahili ulinzi wote huo? Anayetazamia aibu za familia au mapenzi ya kisirisiri atatoka mikono mitupu. Aliandika alichokifikiria kuhusu picha za kuchora. Baba yake alimpeleka mara kwa mara katika maonyesho ya sanaa, na aliporejea nyumbani alichambua mchoro mmoja baada ya mwingine bila huruma. Wakati mmoja alithubutu kuandika kwamba kazi mojawapo ya Michelangelo, fundi aliyeheshimiwa mno, ilikuwa mbaya na imechorwa vibaya. Akakiri papo hapo kwamba alikuwa akilisema hilo bila hofu kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuisoma kauli yake. Mapema mwaka 1883 aliziona kazi za Angelica Kauffmann, mwanamke aliyechora katika karne ya 18, na akaandika kwa furaha juu ya kile ambacho mwanamke anaweza kukifanya.

Mwaka huo huo wazazi wake walimlipia masomo ya uchoraji kwa mwalimu wa kike ambaye katika shajara anatajwa kwa herufi moja tu ya jina lake. Beatrix hakukubaliana na mafunzo yale na alichelea kwamba yangemharibia mtindo wake. Mbele ya mama na mwalimu alitii. Katika karatasi alibisha.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha ya msichana huyu, na ndipo wengi hupapita haraka wakikimbilia hadithi za sungura. Siri ya mtoto si lazima iwe ya dhambi. Mara nyingi ni wazo ambalo bado ni bichi, ambalo likianikwa mbele ya watu kabla ya wakati litachekwa au litakemewa, na mwenyewe hatalirudia tena. Beatrix alipata mahali pa kukosea bila kusahihishwa. Kwa miaka 15 alijifunza kuona kwa macho yake na kuyaamini.

Shajara ilibeba pia habari za dunia: milipuko ya mabomu jijini London miaka ya 1880, ghasia za wasio na kazi mwaka 1886, bei za vitu, vichekesho alivyovisikia mezani na masimulizi ya nyanya yake mzaa baba juu ya zamani za ukoo. Kifo cha kasisi William Gaskell, mzee aliyempenda tangu utotoni, alikiandika mwaka 1884 kwa majonzi makubwa. Mwaka uliofuata alikatwa nywele zake ndefu kwa sababu ya ugonjwa, na mnamo Julai akaandika kuwa elimu yake imekwisha. Mwalimu wake wa mwisho, Annie Carter, aliyemzidi umri kwa miaka michache tu, alikuwa akiondoka kwenda kuolewa. Mwanafunzi alikuwa akikaribia miaka 19 na hakuwa na pa kwenda.

Katika miaka ya 1890 baadhi ya kurasa zinaelekezwa kwa mtu aitwaye Esther, kana kwamba ni barua. Esther huyo hakuwako. Nusu karne baadaye msichana mwingine, Anne Frank, akiwa mafichoni Amsterdam, aliiandikia shajara yake kwa jina la Kitty. Inaelekea hata anayeandika kwa ajili ya nafsi yake humhitaji msikilizaji, maadamu msikilizaji huyo hawezi kwenda kusimulia kwingine.

Uyoga ndio uliomtia katika mgogoro wake mkubwa wa kwanza na wakubwa wa nje ya nyumba. Akisaidiwa na Charles McIntosh, tarishi wa Perthshire aliyekuwa bingwa wa mimea, alichora mamia ya aina za uyoga na kuanza kuzichunguza kwa hadubini jinsi chembe zake za uzazi zinavyochipua. Mjomba wake kwa ndoa, mwanakemia Sir Henry Roscoe, alimpeleka mwaka 1896 katika Bustani za Kifalme za Kew. Mkurugenzi wa bustani, William Thiselton-Dyer, hakumpa uzito. Shajara ya miezi hiyo ina kejeli kali dhidi ya mabwana wa Kew, kejeli ambayo mwanamke wa miaka 30 asiyeolewa asingeweza kuitamka ana kwa ana.

Shajara inakoma Januari 31, 1897. Miezi miwili baadaye, Aprili 1, makala yake juu ya kuchipua kwa chembe za uyoga iliwasilishwa mbele ya chama cha wanasayansi cha Linnean Society jijini London. Iliwasilishwa na mwanamume, kwani wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria vikao. Makala hiyo haikuchapishwa. Mwaka 1997, karne nzima baadaye, chama hicho kilikiri kuwa hakikumtendea haki.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Septemba 4, 1893, alikuwa amemwandikia Noel, mwana wa Annie Carter aliyekuwa na miaka mitano na amelazwa kwa ugonjwa, barua yenye michoro kuhusu sungura wanne. Miaka kadhaa baadaye aliiazima barua hiyo na kuigeuza kitabu. Wachapishaji walipoikataa, alichapisha mwenyewe nakala 250, Desemba 1901. Kampuni ya Frederick Warne ilikitoa Oktoba 1902, na nakala 8,000 za kwanza zilikuwa zimeagizwa zote kabla ya siku ya kutolewa. Jicho lililompima Michelangelo ndilo lililochora sungura aliyevaa koti na bado akabaki sungura hasa, mwenye mifupa na misuli ya sungura.

Julai 1905 Norman Warne, mhariri wake, alimposa. Wazazi wa Beatrix walipinga kwa kuwa Warne alikuwa mtu wa biashara, wakasahau pamba ya Lancashire iliyowatajirisha wao wenyewe. Alikubali posa hiyo, akiwa karibu na miaka 39, kwa sharti kwamba isitangazwe. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 25, Norman alifariki kwa saratani ya damu. Shajara ilikuwa imekoma miaka minane kabla, na huzuni ile haikupata karatasi ya siri ya kuandikwa. Mwaka huo huo alinunua shamba la Hill Top, Near Sawrey. Oktoba 1913 aliolewa na wakili wa mashambani, William Heelis, na kwa miaka 30 iliyosalia alinunua mashamba na kufuga kondoo wa jamii ya Herdwick. Alipoaga dunia Desemba 22, 1943, aliliachia shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, National Trust, zaidi ya ekari 4,000. Nyumba ya Bolton Gardens ilikuwa imekwisha kubomolewa na mabomu ya Wajerumani. Leo mahali hapo pana shule ya msingi.

Wiki chache kabla ya kifo chake alimgusia binamu yake kwa barua kwamba alipokuwa msichana alikuwa na hamu ya kuandika hata kama hakuwa na jambo la kuandikia, na kwamba alitumia aina ya mwandiko wa siri. Akaongeza kuwa yeye mwenyewe sasa hakuweza kuusoma hata kwa kioo cha kukuzia. Hakuichoma shajara ile. Wala hakumwachia mtu ufunguo wake.

Aliyeufungua ni Leslie Linder, mhandisi wa mitambo ya kuinulia mizigo aliyekuwa akikusanya michoro ya Potter. Alihangaika na karatasi hizo kwa miaka kadhaa na alikuwa amekaribia kukata tamaa. Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1958, aliamua kujaribu mara ya mwisho. Katika ukurasa mmoja aliona tarakimu za Kirumi XVI, na karibu yake mwaka 1793. Alipofungua kitabu cha marejeo akakumbushwa kwamba Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa alikatwa kichwa mwaka huo. Karibu na hapo palikuwa na neno lenye alama iliyofanana na x, nalo likawa neno la Kiingereza lenye maana ya kuuawa kwa hukumu. Neno hilo moja lilimpa herufi nane tofauti, zikiwemo irabu nne kati ya tano. Kabla ya usiku wa manane karibu alfabeti nzima ilikuwa mikononi mwake.

Udhaifu wa msimbo wa Beatrix ulikuwa huo: alama moja kwa herufi moja, daima. Katika kila lugha zimo herufi zinazojirudia kuliko nyingine. Kwa Kiingereza ni e, kwa Kiswahili ni a. Anayehesabu alama hatachelewa kuzigundua. Kompyuta ya leo ingeuvunja msimbo wa aina hiyo kwa muda usiotosha kunywa chai. Kilichomlinda Beatrix hasa hakikuwa ugumu wa hesabu. Ni kwamba nyumbani hakuna aliyejua cha kutafuta, na kwamba ufunguo aliubeba kichwani.

Kwa mtoto anayeandika shajara yake katika simu au tabuleti, mambo yamegeuka. Msimbo unaotumika katika programu zilizotengenezwa kwa uangalifu ni mgumu kiasi kwamba Linder angekaa maisha yake yote bila kupata neno. Lakini kuna shajara za kidijitali ambazo nywila yake ni mlango wa mbele tu. Maandishi yenyewe hukaa katika kompyuta za kampuni, yakisomeka na yeyote aliye na ruhusa au aliyeingia kwa hila. Novemba 2015 kampuni ya VTech ya Hong Kong, inayotengeneza vifaa vya kielektroniki vya watoto, ilivamiwa na mdukuzi. Akaunti za wazazi karibu milioni tano na kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni sita ziliguswa, na kati ya vilivyochukuliwa zilikuwemo picha na ujumbe kati ya watoto na wazazi wao. Januari 2018 kampuni hiyo ilikubali kulipa Dola 650,000 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Tume ya Biashara ya serikali kuu ya Marekani. Beatrix hakuwa na kampuni katikati. Alihitaji kuwahofia watu wa nyumba moja tu, na hao aliwajua kwa majina.

Linder alitumia miaka mingine kunakili kila ukurasa kwa kioo, maneno zaidi ya 200,000. Shajara ilichapishwa mwaka 1966, karne moja tangu kuzaliwa kwa mwenyewe. Wapo wanaoweza kuuliza ni kwa haki gani mtu mgeni aliifungua, hasa ikikumbukwa kwamba aliyeiandika alikuwa ameijengea kufuli. Swali hilo si la kupuuzwa. Linder hakupewa ruhusa na mwenyewe. Lakini alisubiri, au wakati ulimlazimisha kusubiri: baba, mama, ndugu na mume wote walikuwa wamekufa, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa mezani kwa nini aliandikwa vile. Ingekuwa jambo tofauti kabisa kama Helen Potter angeisoma mwaka 1883. Huenda masomo ya uchoraji yangeendelea kwa amri, na msichana angejifunza kuandika yale tu yanayofaa kusomwa na mama.

Jambo moja katika shajara hiyo halikuwahi kusikika popote hadi Linder alipolisoma. Millais alipofariki Agosti 1896, Beatrix aliandika kwamba mchoraji huyo aliwahi kumwambia kuwa wanaoweza kuchora ni wengi, ila yeye ana kipaji cha kuona. Alikuwa ameyatunza maneno hayo kwa alama zake, bila kumwonyesha mtu, miaka sita kabla ya sungura Peter kuwafikia watoto.